Kilo Kumi za Mguu Wangu

Nilikanyaga mizani baba akiwa juu yake. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza na mengine nitawachekesha, mtanipenda, halafu nitashindwa kulisema. Baba alikuwa anapimwa uzito, mimi nikasimama nyuma yake kama mtoto mwema, nikapitisha kidole gumba cha mguu, halafu unyayo wote, nikabonyeza. Ni utani wa kizamani. Shuleni kwetu hata mwalimu wa zamu ameshafanyiwa.

Baba alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge nje ya Korogwe. Pamoja na mashine za kusaga mkonge, alitunza ndege ndogo ya mwenye shamba. Rubani wake tulimwita Kapteni, na tuliendelea kumwita hivyo hata alipostaafu akaota kitambi cha heshima. Miaka yote hiyo walifanya kazi kwa mtindo mmoja: baba anakaza boliti, Kapteni anapaa, baba anabaki chini ameshika kofia isipeperuke. Hakuwahi kupanda hata siku moja. Kila mara kulikuwa na mzigo, au mgeni, au haraka.

Mwaka jana, Jumapili moja, Kapteni akaja kwetu Masuguru, akakalia kiti cha plastiki kikalia.

"Nataka kandege," alisema. "Ka Jumamosi tu. Hatumpeleki mtu popote. Tunapaa, tunauangalia mto, tunarudi kunywa chai. Utakayekatunza ni wewe, kwa hiyo utakayechagua ni wewe. Na siti ya pili ni yako."

"Ya nani?" baba akauliza.

"Yako. Au nimpe shemeji?"

Mama alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua hata kichwa. "Mimi Mungu alinipa miguu, Kapteni. Inanitosha."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Usiku ule hakulala, na asubuhi nilimkuta amechora ndege mgongoni mwa daftari langu la kemia. Ulikuwa mchoro bora kuliko chochote kilichomo ndani ya daftari lile.

Ndege zenyewe zilikuwa mbili. Zote zilikuwa na gurudumu dogo mkiani, ndiyo maana zikisimama zinanyanyua pua kama mbwa anayesubiri kutupiwa mfupa. Kapteni hakutaka aina nyingine. Alisema hizi zinatua hata kwenye majani, ila ukizubaa wakati wa kutua mkia unataka kutangulia.

Ya kwanza ilikuwa ya njano, palepale Korogwe, ndani ya ghala la zamani la mkonge. Mabawa yake yalikuwa ya kitambaa kilichopakwa rangi, siti moja mbele nyingine nyuma, na injini unayoiwasha kwa kuzungusha panga lake kwa mkono. Ilikuwa nzima. Kapteni aliijaribu peke yake asubuhi moja, na kabla sijamaliza kupiga miayo ilikuwa hewani. Iliposhuka, baba aliligonga bawa kwa ukucha, likalia kama ngoma. Akaligonga tena. Nikamwambia, "Baba, hodi hodi, hakuna mtu." Hakunisikia.

Ya pili ilikuwa Handeni, kwa mfugaji mmoja mkubwa ambaye pia alinunua mahindi. Zamani aliitumia kutafuta ng'ombe waliopotea. Ilikuwa ya bati, injini kubwa, siti mbili ubavu kwa ubavu. Ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa imelala miaka. Panya walikuwa wametafuna nyaya na kuzaa vizazi ndani ya siti ya rubani.

Baba alitaka ya njano. Hakuwa na haja ya kusema, mchoro wa kwenye daftari ulikuwa na siti moja mbele nyingine nyuma. Tatizo lilikuwa uzito. Kapteni alikuwa na kilo tisini na mbili na hakuwa tayari kuachana na hata moja. Alipiga hesabu pamoja na mafuta, akasema kwa ndege ya njano baba asizidi sitini na nane. Akizidi, tununue ya Handeni.

Sasa hapo mama naye alikuwa na hesabu yake. Kwa miezi kadhaa baba alikuwa anakula vijiko vitatu anasema ameshiba. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Siku moja kabla ya safari ya Handeni, mama alimwambia wazi mbele yangu.

"Baba nanihii, wewe unakwisha."

"Suruali imetanuka."

"Suruali itanuke kiunoni peke yake?"

"Basi sikiliza," baba akasema. "Kesho napimwa kwa ajili ya ndege. Nikiwa chini ya sitini na tano, keshokutwa twende hospitali, hata unibebe mgongoni. Nikivuka hapo, utaniacha nipumue."

"Umesema mwenyewe. Mtoto shahidi."

"Mimi nina sitini na saba kamili," baba akasema, akanikonyeza. "Hapo rubani anafurahi, mke anafurahi, panya wa Handeni wanabaki na nyumba yao."

Mtoto shahidi ndiye mimi. Kidato cha tatu, ndevu nne.

Handeni tulifika na pikapu ya Kapteni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Tuliamkia, tukapewa maziwa, baba akaizunguka ile ndege ya bati kwa adabu, kama mtu anayetembelea mgonjwa asiyemfahamu. Kisha Kapteni akasema twende tupime. Ghala la mahindi lilikuwa na mizani ya kukanyaga, ile ya magunia, yenye uso kama saa. Pale kulikuwa na vijana wapimaji, na nilikuwa nimewaona wakipokea gunia la mama mmoja mkulima. Yule wa nyuma alikuwa analiinua kidogo kwa ncha ya kandambili, gunia linasoma pungufu. Ufundi wa hali ya juu. Nikasema moyoni, kumbe inawezekana na kinyume chake.

Baba alipanda akijisifu. "Angalieni mtu mwepesi. Mimi nikipiga chafya napaa bila injini."

Nikabonyeza.

"Sabini na moja!" Kapteni akasoma kwa sauti.

Vijana wakaangua kicheko. "Mzee umebeba mawe?" "Mzee, ugali wa Korogwe una saruji?" Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote. Mpango wangu ulikuwa nihesabu mpaka tano, nitoe mguu, baba anifukuze ghala zima na kandambili mkononi, kila mtu amwagike kwa kicheko.

Lakini baba hakukasirika. Aliutazama mshale, akaweka mkono tumboni, taratibu, na uso wake ukalegea. Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kushindwa. Akamgeukia Kapteni akasema, "Basi sina kitu. Mke wangu ananitisha bure. Sabini na moja!" Wakapeana mikono, Kapteni tayari anamwambia mwenye ndege kwamba imekuwa hii. Wote walikuwa wameipa mizani mgongo. Mimi ndipo nikainua mguu.

Baba alikuwa bado amesimama juu yake. Mshale ulirudi ukatulia kwenye sitini na moja.

Niliuona peke yangu. Nikasubiri mdomo wangu, ambao darasani hata kwa viboko haunyamazi, useme kitu. Haukusema. Nilijiambia nitasema kwenye pikapu. Kwenye pikapu baba alikuwa anaimba. Nikajiambia nitasema nyumbani.

Nyumbani mama alitusubiri mlangoni, mkononi ana sindano yenye uzi.

"Ngapi?"

"Sabini na moja," baba akasema. "Muulize shahidi."

Mama akanitazama. "Umeona wewe kwa macho yako?"

"Nimeona, mama."

Kwa kweli nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona zote mbili.

Mama akaingia ndani. Jioni ile alipika wali kwa maharage ya nazi, siku ya kawaida tu, na hakulitaja tena suala la hospitali. Ahadi ni ahadi.

Ya njano iliondoka wiki iliyofuata. Watu wa mbali waliinunua, wakaja kuichukua kwa kuirusha. Tulikuwa uani. Baba aliisikia kabla yetu, akasema "Ndiyo hiyo," akaweka sahani chini. Ilipita juu ya mabati ya Masuguru, ndogo, ya njano kweli kweli, siti ya nyuma ikiwa tupu. Aliifuata kwa macho mpaka ikawa sauti tu, na hata sauti ilipoisha aliendelea kuangalia upande ule. Nikatafuta utani wa kusema. Nilikuwa nao mmoja, kuhusu mwewe na vifaranga. Nikaumeza.

Kuanzia hapo kila Jumamosi alikwenda Handeni kufukuza panya na kubadili nyaya. Wakati mwingine nilikwenda naye. Mwanzoni nilimpa spana, baadaye nilikaza mwenyewe yeye akiwa amekaa kwenye debe ananielekeza, baadaye alielekeza akiwa amelala kwenye gunia. Alisema ni joto la Handeni. Nami nikasema, ndiyo, joto la huku balaa. Siku moja injini iliwaka. Iliguguma, ikatema moshi mweusi, panga likazunguka mpaka halionekani. Baba alishika kofia yake kwa mkono, kama zamani, akasimama ndani ya ule upepo mpaka Kapteni alipozima. Bado usukani wa mkia ulikuwa haujafungwa. Jumamosi mbili, alisema. Tatu, zikizidi sana.

Jumamosi ya pili ndiyo tuliyompeleka hospitali, mimi na Kapteni, mama akiwa amempakata. Uvimbe tumboni. Daktari alikuwa mpole. Aliuliza ameanza lini kupungua, na mama akajibu, "Alikuwa sabini na moja." Alilisema kama mtu anayeonyesha risiti. Nilitoka nje.

Alikaa nasi majuma sita mengine. Siku zake za mwisho alikuwa ananiuliza kama panya wamerudi, namwambia wamerudi, wameleta na ndugu zao kutoka kijijini, anacheka bila sauti. Utani wangu pekee uliomfaa baba ulikuwa huo.

Siku tulipoanua tanga, wageni wakaondoka na sufuria zao. Kapteni alibaki mpaka jioni. Aliniambia ndege atairudisha kwa mwenyewe, hana moyo wa kuketi ndani yake na siti ya pembeni tupu. Alipoondoka nilimkuta mama ameketi mkekani, anakunja nguo za baba, mkanda uko juu ya mapaja yake. Nikakaa. Nikamwambia yote: kidole gumba, unyayo, sabini na moja, sitini na moja, kicheko. Sikuweka utani hata mmoja. Alisikiliza huku kidole chake kikipita juu ya yale matundu ya msumari, kimoja hadi kingine.

Sijaongeza neno wala kupunguza. Mama alisema hivi:

"Mimi nilikuwa nalala naye. Mbavu zake nilizihesabu kwa mkono huu. Sabini na moja niliipokea kwa sababu niliitaka, kwa hiyo hospitali usiibebe peke yako, tutaibeba wote. Ila ile ndege ya njano ulimnyima wewe. Hiyo, mwanangu, sina la kukusaidia."