Kihenge cha Bibi Kwenye Kioo

Majuzi niliingia makumbusho jijini nikaikuta kanga ya bibi ndani ya kioo. Si yake hasa, pacha yake: ya buluu, katikati imechorwa chombo kilichopeleka watu mwezini. Kibao kilieleza kwamba ni kanga ya kuadhimisha safari ile. Ilikuwa imepigwa pasi, haina hata doa. Nilitaka kucheka, kisha nikaumia.

Maana kwetu kijijini Pito, rafiki yangu, kile hakikuwa chombo cha mwezini. Bibi aliinunua kanga yake sokoni Laela akijua ni picha ya kihenge, ghala letu la nafaka, na ukikitazama hutamlaumu: tumbo la mviringo, paa lililochongoka, miguu ya kukiinua juu panya wasiingie. Basi kila mavuno aliitandaza uani na kuanika juu yake ulezi wa kwanza. Sisi wajukuu tulifukuza kuku, vumbi la ulezi likitukereketa kooni, huku tukinusa uji jikoni.

Siku moja mwalimu wetu alipita, akamwamkia, akamweleza kwa upole kwamba ile ni roketi. Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Bibi aliendelea kusambaza punje kwa kiganja.

"Nimesikia, mwalimu. Huko mwezini walivuna nini?"

"Hawakuvuna, bibi. Walirudi na mawe."

"Mawe tu?" Akamsogezea kigoda. "Basi kaa unywe uji. Hiki changu kina ulezi."

Mwalimu alikaa, akanywa, akaongezewa.

Nilipomwambia dada mtunzaji wa makumbusho kwamba pacha ya kanga ile ninayo sandukuni, alifurahi mno. Aliniomba niilete, wangeifua na kuitunza kuliko ninavyoweza mimi. Hapo hakunidanganya, kwani yetu imepauka na pindo linaachia. Lakini kibao chao kingetaja mwezi tu, na bibi yangu asingekuwemo.

"Andikeni kwamba kwa bibi mmoja wa Pito hiki kilikuwa kihenge," nilimwambia, "na madoa ya ulezi msiyafue. La sivyo, dada yangu, sitoi."

Alisema itabidi awaulize wakubwa wake. Nikamwambia awaulize, nami nitapiga simu kila wiki mpaka wanichoke.

Vihenge vyenyewe vimekwisha. Siku hizi mahindi tunayajaza kwenye magunia, ulezi tunaupima kwa kopo sokoni, na mwanangu hajui kihenge kinafananaje. Bibi naye tulishamzika. Jibu likiwa hapana, kanga haitoki nyumbani. Ulezi wa kuanika juu yake nimeshapanda.