Helikopta Iliyolalia Kushoto

Helikopta ya mjomba ilikataa kuondoka chini vizuri. Kila alipoipandisha, chuma cha kulia cha kutulia chini kiliinuka kwanza, mwili ukalalia kushoto, mkia ukarudi nyuma kama mtu anayetafuta kiti gizani, kisha mapanga yakapiga lami na skrini ikawa nyekundu. Mjomba alisema neno moja tu, "Tena," nami nikabonyeza kitufe cha kuanza upya.

Tulikuwa sebuleni kwake, Changamwe, mtaa ambao ndege za kweli zikipita juu ya mabati mazungumzo husimama, watu wakangoja, kisha wakaendelea palepale walipoachia. Kompyuta ilikuwa ya mwanawe aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni. Aliiacha na gemu la kurushia ndege, na joistiki, kile kijiti cha kuongozea kinachosimama juu ya kitako chake mezani. Mimi nilitoka kwetu Jomvu Kuu nikahamia kwao mjomba alipopata kiharusi, nimsaidie mkaza mjomba kazi za nyumba.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Maneno yalirudi, mguu nao ukarudi, lakini mkono ulibaki mzito. Kabla ya kustaafu kazi yake ilikuwa kusimama uwanjani na vibao viwili, kuzionyesha ndege mahali pa kusimama. Ndege kubwa zilifuata mikono yake. Hospitali walimpa mpira laini aufinye kila siku. Aliufinya siku ya kwanza, akasema yeye si mtoto mchanga, akampa paka. Joistiki ndicho kitu pekee alichokubali kukishika kwa mkono ule. Mkaza mjomba aliliona hilo kabla yangu, ndiyo maana hakusema lolote kuhusu bili ya stima.

Jioni moja baada ya kuanguka mara nyingi mjomba alisukuma kiti nyuma.

"Mashine hii mbovu. Mama!"

"Abee," niliitika, maana mama ndivyo alivyoniita mimi.

"Wewe mwenye kushinda kwenye simu, itazame. Ikiwa haitengenezeki, ifunge ndani ya boksi lake. Sitaki kuiona hapa."

"Ina jini," alisema mkaza mjomba kutoka jikoni. "Ipelekeni ikapungwe."

"Jini wa kwako wewe."

Hakucheka. Nikajua boksi likifungwa, na ule mkono utawekwa kwenye paja na kubaki hapo.

Mimi niliishia darasa la nane, na setingi za gemu lile zote zilikuwa za Kiingereza. Niliandika neno mojamoja kwenye simu, nikasoma maana yake, nikarudi kwenye skrini. Kazi ya dakika chache ilinichukua siku kadhaa. Kwanza nilishuku upepo, kwa sababu gemu lile lina upepo wake. Nikauzima. Helikopta ikalalia kushoto vilevile. Kisha nikaona mahali pa kupakia watu. Kumbe muda wote ule kulikuwa na abiria mzito ameketi upande wa kushoto.

"Nani alimpandisha huyu bila tikiti?" mjomba akauliza. Nikamshusha. Helikopta ikalala kidogo kuliko mwanzo, lakini ikalala.

Nikafungua joistiki kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na vumbi na mende mkavu.

"Huyo ndiye rubani msaidizi," alisema mkaza mjomba. "Na yeye kafa kwa kelele za mwenzake."

Nilisafisha, nikafunga, nikaangalia ukurasa wa setingi unaoonyesha mahali joistiki ilipo. Ni kisanduku chenye alama ndogo kama ya kujumlisha. Ukisukuma kijiti mbele, alama inapanda. Ukiachilia, inarudi katikati. Niliachilia nikaitazama. Ilikaa katikati, haikutikisika hata kidogo.

Ijumaa mjomba alipokwenda msikitini nilijaribu mwenyewe. Nilianguka, nikaanguka tena, nikajifunza kuvuta taratibu. Halafu helikopta ikainuka, vyuma vyote viwili pamoja, ikayumba kidogo, ikasimama hewani. Nilifurahi, kisha furaha ikaisha. Kama mashine ilikuwa nzima, kilichobaki ni kimoja.

Aliporudi nilifungua ule ukurasa wa kisanduku nikamwomba ashike tu, asisukume popote. Akashika. Alikuwa amenigeukia, ananieleza habari za swahibu yake aliyekutana naye njiani, hakutazama skrini. Mimi niliitazama. Alama iliondoka katikati polepole, ikaenda kushoto, ikashuka chini. Mkono wake ulikuwa unajivuta kuelekea kifuani bila yeye kujua.

"Vipi?" akauliza.

"Naangalia bado, mjomba."

Nilimfuata mkaza mjomba jikoni, nikamwambia.

"Basi mwambie," akasema.

"Mimi?"

"Mimi nikimwambia ni ugomvi. Wewe atakusikiliza."

"Nitamwambiaje mtu mzima kwamba mkono wake ndio mbovu?"

Alikuwa anakuna nazi. Akachukua kipande kingine.

Sikumwambia. Setingi zile zina sehemu ya kuhamisha katikati. Nilihamisha katikati ya joistiki kushoto kidogo na chini kidogo, hadi pale mkono wake unapopenda kwenda. Yaani sasa mashine ingeona mkono uliopinda na kuuhesabu kuwa umenyooka. Nikamwita.

Helikopta ilipanda wima. Mjomba alishusha pumzi, akaipeleka hadi juu ya jengo la abiria, akaizungusha.

"Njoo uone!" alimwita mkewe. "Njoo uone, wallahi!"

Mkaza mjomba alikuja na chai akasimama nyuma ya kiti. Alinitupia jicho, nikatazama chini. Mjomba alitua, kwa kishindo lakini alitua. Kisha akanyanyuka.

"Keti. Ruka wewe."

"Mimi sijui, mjomba."

"Ulitengenezaje usiyoijua? Keti, mama."

Nikaketi. Nilishika kijiti kikiwa kimenyooka kama siku ile ya Ijumaa, nikavuta. Chuma cha kushoto kikainuka. Helikopta ikalalia kulia, pua ikashuka, mapanga yakagonga lami.

Ndege ya kweli ilipita juu ya nyumba, tukangoja wote watatu. Ilipokwisha mjomba alitazama kijiti, kisha mkono wangu.

"Mashine nzima," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Umeipinda ifuate mkono wangu."

"Nisamehe, mjomba. Niliona utaacha."

 Mjomba aliuangalia mkono wake wa kulia, akaugeuza kwa mkono wa kushoto, kiganja juu, kama kitu alichokiokota.

"Pale uwanjani," akasema, "kibao kimoja kikishuka, rubani anapinda. Hakuna aliyekwenda kuipinda ndege ili mimi nionekane nimenyoosha. Niliambiwa, nyoosha mkono. Nikanyoosha." Akakivuta kile kiti. "Irudishe kama ilivyokuwa. Kuna pahali pa kuuona mkono unakokwenda?"

Nilirudisha katikati mahali pake, nikamfungulia ule ukurasa. Akashika. Safari hii alitazama skrini. Alama ikaanza kuondoka, kushoto, chini. Aliifuata kwa macho hadi ilipoishia.

"Huko kote?" akasema.

"Huko kote," akajibu mkewe.

"Wewe ulijua?"

"Chai yako inapoa."

Alikunja uso, akaanza kuirudisha ile alama. Ilikwenda kwa kuruka, ikapita katikati, ikarudi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso kama mtu anayesukuma gari. Ilipofika katikati ikakaa kidogo tu, kisha mkono ukaivuta tena. Hakutaja boksi.

Sasa hawashi helikopta kabla ya kukaa na ile alama kwanza. Mkaza mjomba akipita humuuliza abiria watapanda lini. Helikopta bado inalalia kushoto. Jana iliondoka chini, ikaenda kando kama kaa mpaka karibu na uzio ndipo ikaanguka, na mjomba, bila kutoa mkono kwenye kijiti, akasema, "Tena."