Fremu ya Mama Mutheu

Mwanangu, hadi leo naikumbuka asubuhi ile Mama Mutheu alipoingia studio yangu pale Sultan Hamud, fremu mpya kwapani. Nilikuwa kijana mpiga picha, na kompyuta niliyoinunua baada ya kuuza fahali wawili wa marehemu baba. Programu zake zilitoka Nairobi kwa diski, kila moja kwa bei ya kutoa machozi, nami nilijiona mkubwa kuliko DC.

Zilikuwa zimebaki siku tatu ifike ntheo ya binti yake Mutheu, siku ambayo upande wa mvulana huleta mbuzi nyumbani kwa msichana. Baba yake alikuwa amefariki. Picha yake ya pekee ililiwa na mchwa, lakini niliwahi kuinakili kwenye kompyuta, nikamhakikishia Mama Mutheu kwamba iko salama. Alitaka niichape iwekwe mezani, ili mumewe awepo mbuzi wakipokelewa.

Sikuwa nayo. Wiki iliyotangulia stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikaunguza kompyuta na kila kilichokuwemo.

Na kulikuwa na njia! Musyoka, mwenye studio kule Kambu, alikuwa ameniomba tuwekeane nakala, zake kwangu na zangu kwake. Nikakataa, nikiogopa ataninyang'anya wateja. Hebu niambie, nani angeiba picha ya mume wa Mama Mutheu?

Nilimweleza Mama Mutheu yote. Hakupiga kelele.

"Mutua, si mama yako alikuwa analima na sisi kwa mwethya, leo kwetu, kesho kwenu?" aliniuliza. "Sasa ni nani alikufundisha kufungia vitu za watu kwako peke yako?"

Siku ya ntheo niliitwa kupiga picha. Fremu ilikuwa mezani, tupu. Niliipiga hivyo hivyo. Nimepata aibu nyingi maishani, lakini hiyo haijaniacha.

Sasa wewe unataka kufungua studio Tseikuru, na unaniomba tuuze mbuzi ununue kompyuta kubwa kama ile yangu. Tusiuze. Juzi ulinionyesha mwenyewe: programu ya kutengeneza kadi unaikodi kwa simu, mwezi kwa mwezi, na harusi zikiadimika unaacha kulipa. Picha nazo zinakaa kwenye mitambo ya watu iliyo mbali, mnayoiita wingu. Jina hilo lilinichekesha, maana huko Tseikuru mawingu yenyewe mnayaona mara ngapi? Ila kazi yake naielewa. Ni mwethya wa kompyuta, watu wengi kwa mtambo mmoja, kila mtu na kiasi anachohitaji.

Lakini usilale. Mtambo una mwenyewe, na ukikosa kulipa au ukisahau neno la siri, unafungiwa nje. Kwa hivyo weka nakala nyingine nyumbani. Neno la siri mpe dada yako pia. Ukimaliza kazi ya mteja, mtumie picha zake akae nazo, kwa sababu ni zake. Na ukisikia mwenzako amefungua studio hapo karibu, nenda umsalimie kabla hujaanza kumwogopa. Mimi nilichelewa kumsalimia Musyoka.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe harusi nyingi, na mvua pia. Na siku mama wa mtu atakapoingia kwako na fremu kwapani, akukute una picha ya kuweka ndani.