Mbuzi Aliyemla Muuaji

Muhogo ukiungua kwenye sufuria, mimi nakumbuka gundi ya matangazo ya sinema kule Tororo, maana waliipika kwa unga wa muhogo. Mbuzi wetu, mkorofi yule, tuliyemnunua huko Rubongi, aliipenda sana. Siku moja alikula nusu ya tangazo. Akamwacha mwanamke wa gauni lililochanika akipiga mayowe, akammeza muuaji.

Nyumbani tukabishana muuaji alikuwa nani. Baba, mzee wa kanisa, alishamchapa dada kwa kuchungulia sinema hizo za damu. Akaendelea kumenya muwa wake, akasema, "Ni daktari. Mwishoni anakamatwa."

Mama akaweka mwiko chini. "Baba watoto, huko mwishoni ulifika lini?"

Baba akasema mbuzi afungwe vizuri.

Jumamosi Mama akavaa gauni la kanisani, yeye na Baba wakaenda sinema. Dada akaachiwa vyombo.