Silinda Tatu Hadi Same

Watu wa Same wanaonijua watakwambia sioni haya kujisifu, na mimi sikatai. Shule niliiacha mapema sana. Nilianza kwa kubeba magunia ya tangawizi mgongoni pale stendi, nikawa utingo, nikawa dereva, nikawa fundi, na leo ukiuliza gereji yangu iko wapi hata mgeni mwenzako atakuelekeza. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nikisema gari langu nalijua, usinibishie kama walivyonibishia ukweni siku ile ya kipaimara.

Gari lenyewe ni la familia, siti safu tatu, milango ya kusukuma pembeni, lilitoka Japani likiwa limeshatumika. Injini yake ina silinda sita. Mtu akisikia sita anashika kichwa. "Hilo si litakufilisi?" Mimi nacheka tu, kwa sababu hajui kuwa injini ile ina akili. Likiwa kwenye tambarare, mwendo umetulia, mguu mwepesi, linazilaza silinda tatu. Vali zake zinabaki zimefungwa, mafuta hayaingii, hewa iliyomo ndani inabanwa na kuachiwa kama springi, na pistoni zinapanda na kushuka bila kuchoma kitu. Kwenye dashibodi inawaka taa ndogo ya kijani. Ukikanyaga kwa nguvu au ukikuta mlima, taa inazimika, zote sita zinaamka.

Wengi huniuliza: sasa hizo tatu zilizobaki si zinafanya kazi ya sita, akiba iko wapi? Nawaambia hivi. Injini kubwa ikienda polepole inavuta hewa kupitia mlango uliofungwa karibu wote. Ni kama mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija mwembamba. Mashavu yanaingia ndani, anachoka kabla hajashiba. Silinda zikibaki tatu, kompyuta inaufungua ule mlango zaidi, zinapumua kwa nafasi. Nguvu iliyokuwa inapotea kwenye kuvuta pumzi inakwenda kwenye magurudumu. Hilo sikufundishwa darasani. Nililifungua gari mwenyewe, nikalifunga mwenyewe, na lilipogoma nikalifungua tena.

Ukweni kwangu ni kule juu ya Makanya, barabara inapanda kona kwa kona mpaka masikio yanaziba. Siku ile mtoto wa kaka yake mke wangu alipata kipaimara. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, milimani na tambarare, jenereta la spika likaishiwa petroli tulipoanza tu kula. Vijana wa bodaboda wanaouza petroli kwenye chupa walikuwa wameshamaliza, maana kila mwenye jenereta alikuwa ameamka na wazo hilo hilo. Basi mimi nikasimama mbele ya watu, sahani ya makande mkononi.

"Nyonyeni kwangu," nikasema. "Lile gari halinywi, linaonja."

Watu wakapiga makofi. Huyo kaka yake mke wangu, mtu mnene aliyeendesha malori ya mbao maisha yake yote, akaleta mpira na dumu akanyonya mwenyewe. Alipotema mate akanitazama.

"Shemeji, silinda sita halafu unagawa mafuta? Utashuka kwa maombi."

"Nitashuka kwa tatu," nikamjibu. Watu wakacheka, muziki ukarudi.

Sherehe ilikuwa bado imechangamka mke wangu aliponishika mkono wa shati na kunivutia pembeni. Mdogo wake, yule wa mwisho, alikuwa na mimba iliyofika wakati wake, na uchungu ulikuwa umemshika jikoni wakati wa kupakua. Walikuwa wamempeleka zahanati ya kijiji wakidhani atajifungua hapo. Muuguzi alikuwa amempima na kusema mtoto amekaa vibaya, mkono umetangulia, na kwamba hapo hana la kufanya. Apelekwe Same akapasuliwe, na apelekwe sasa hivi. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshuka na mgonjwa mwingine. Gari jingine pekee pale kijijini lilikuwa langu.

Nikaamuru jenereta lizimwe. Kilichobaki ndani yake tukakimimina kwenye tangi la gari langu, hakikujaza hata kikombe. Nilipowasha, taa ya chungwa ya mafuta ikawaka na haikuzimika.

Pale zahanati tukamchukua mgonjwa, tukamlaza siti ya katikati, kichwa mapajani mwa mke wangu. Mama mkwe akaingia siti ya nyuma kabisa, kanga imefunika kichwa na nusu ya uso. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawasemezani ana kwa ana, na gari moja wanapanda kwa shida tu. Tangu nimeoa, kila neno lake kwangu lilikuwa limepita kwa mke wangu. Shemeji yule mnene akakaa mbele pamoja nami.

Tukaanza kuteremka. Nikashusha gia, nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikaliacha gari lijizuie lenyewe. Injini ikavuma.

"Unafanya nini?" shemeji akauliza. "Weka nyutro!"

"Hapana."

"Weka nyutro, bwana! Mlima wote huu ni bure. Sisi tunashuka huku bila kuchoma hata tone, tangu enzi za baba."

Na kweli, kila dereva wa milima yetu anashuka hivyo. Anaweka nyutro, wengine wanazima kabisa, wanaliachia gari lianguke na kona zake kama ndoo kisimani. Kwa lori la zamani la kabureta ilikuwa na maana yake, maana injini ya kabureta ikizungushwa na mteremko inaendelea kunyonya petroli. Gari langu sivyo. Likiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, kompyuta inafunga petroli yote; magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, hapo ndipo linaanza kunywa ili lisizimike. Nilikuwa nikimweleza hayo, macho yapo kwenye kona, alipokosa uvumilivu. Akanyoosha mkono wake, akasukuma mkono wa gia.

Gari likaruka mbele. Injini ilinyamaza, nikasikia mawe tu chini ya matairi na mke wangu akipiga kelele. Nikakanyaga breki. Ilishika, halafu ikaanza kulegea, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila vichwa vya migomba, chini kabisa. Nikampiga shemeji kiwiko cha kifua, nikarudisha gia, injini ikalia kama inang'olewa, gari likapungua, likaipata kona kwa kuparuza ukingo wa juu.

Kisha sauti ikatoka nyuma.

"Mwambie kaka yako," mama mkwe akamwambia mke wangu, "akigusa tena kitu ambacho si chake nitamkata huo mkono."

Shemeji akaikunja mikono chini ya makwapa, akakaa hivyo mpaka chini.

Makanya tulikuta kituo cha mafuta kimetulia kama kanisa siku ya Jumatatu. Kijana wa pampu alikuwa amekaa juu ya ndoo.

"Petroli ipo, mzee. Umeme ndio haupo."

"Jenereta lenu?"

"Bovu."

Nilitazama mshale wa mafuta. Ulikuwa umelala chini ya mstari mwekundu. Mgonjwa akauma kanga, akatoa sauti ambayo sikuwahi kusikia ikitoka kwa mtu. Nikaingia lami, nikaelekea Same, milima mkono wa kulia, mkonge mkono wa kushoto.

Hapo sasa ndipo kazi ilipokuwa. Nikazima kiyoyozi. Nikalipeleka gari taratibu mpaka mwendo ukatulia, nikalegeza mguu kidogo sana, kama mtu anayemtoa mtoto mgongoni asiamke. Taa ya kijani ikawaka. Silinda tatu. Mlio ukabadilika, ukawa mzito kidogo, na mtetemo mwembamba ukaja kwenye usukani. Malori yakatupita. Basi la mkoani likatupita likipiga honi.

"Kanyaga," shemeji akasema.

Nikaushikilia mguu pale pale.

"Kanyaga wewe! Unaendesha kama unapeleka mayai! Dada anakufa hapo nyuma!"

"Nikikanyaga zinaamka zote sita, tunazimikia kwenye mkonge."

"Bora tuzimikie mbele kuliko huku!"

"Mume wangu," mke wangu akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha, "kweli huwezi kuongeza hata kidogo?"

Nilikuwa naitazama taa ile kuliko barabara. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Walikuwa wananiomba kitu kimoja tu, mwendo, na mguu wangu wenyewe ulikuwa unataka kuwapa. Kila mara mgonjwa alipolia, mguu ulishuka wenyewe, taa ikapepesa, nikaunyanyua. Mbele ng'ombe wa wafugaji wakaanza kukatiza barabara. Nikaachia mafuta mapema, mbali kabisa, nikaliacha gari lisogee kwa nguvu yake, nikaomba moyoni wapite kabla sijalazimika kusimama. Mchungaji wao akatuona, akapiga mluzi, akamchapa wa mwisho mgongoni. Tukapita nyuma ya mkia wake.

Ndipo nikasikia neno moja kutoka siti ya nyuma.

"Baba."

Mke wangu akageuka. Lakini mama mkwe hakuwa anamsemesha yeye.

"Baba, mwanangu atafika?"

Sikuthubutu kutazama kioo. Nimejisifu mbele ya watu wengi, misibani na harusini, na sijawahi kuogopa neno lililotoka kinywani mwangu. Lile la kumjibu nililiogopa.

"Atafika, mama."

"Basi endesha unavyojua. Na wewe," akamwambia mwanawe wa kiume, "nyamaza."

Kutoka Makanya kwenda Same unapanda, hata kama macho hayaoni. Kadiri tulivyosogea taa ya kijani ikawa inazimika kwa muda mrefu zaidi. Kwenye mwinuko wa mwisho ikakataa kuwaka kabisa, na injini ikakohoa mara moja. Nikatoka pembeni ya lami, bila kusimama sawasawa.

"Shemeji, shuka."

"Nini?"

"Shuka. Wewe ni mzito kuliko magunia mawili ya tangawizi. Ukishuka taa itawaka."

"Nishuke hapa? Porini?"

"Kuna bodaboda zinapita. Shuka!"

"Wewe mtu una wazimu!"

"Shuka!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama yake.

Alishuka na suti yake ya kipaimara, akafunga mlango kwa nguvu, kisha, na hili nampa heshima yake, akazunguka nyuma akatusukuma mpaka gari likapata mwendo. Nikalegeza mguu. Nikasubiri. Taa ikawaka.

Same iliponijia mbele nilikuwa nimeacha kupumua. Kwenye mzunguko wa stendi nilipita huku nikipiga honi, machinga wakaruka na mabeseni yao. Injini ilikohoa tena, ikakohoa getini, mlinzi akainua kamba bila kuuliza. Nililisimamisha mlangoni penyewe, wakatoka na kitanda cha magurudumu, wakamchukua, na mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Tukakaa kwenye benchi la saruji. Nilijaribu kuwaeleza jinsi injini ilivyofanya kazi, nikaona hakuna anayesikiliza, nikaacha. Mke wangu alikuwa anasali bila sauti, midomo tu. Kila mlango ulipofunguliwa tulisimama wote, na kila mara alikuwa mtu mwingine na ndoo au mafaili.

Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya milima ya upande wa pili nesi alipotoka. Alivua barakoa, akatutazama kwa zamu kama mtu anayetafuta mkubwa ni nani.

"Ndugu wa yule aliyetoka Makanya?"

"Ndio sisi."

"Mmekuja mikono mitupu? Kanga za mtoto ziko wapi? Nimemfunika na shuka la hospitali, na analia mpaka anatuchosha."

"Na mama yake?" mke wangu akauliza.

"Anashonwa. Ameshaanza kuuliza kama kuna mtu amemletea chai."

Mama mkwe alivua kanga kichwani, pale pale mbele yangu, akampa nesi.