Jicho Ukingoni

Nilijifunza kuogelea kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, kule Kishapu, na kwa miaka mingi sikujua kwamba kuna watu huogelea wamezamisha uso. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo uchungaji ulikuwa wangu. Niliogelea kichwa juu, jicho ukingoni, maana ng'ombe wakiingia kwenye pamba ya watu, fimbo ya baba haikusikiliza maelezo. Nikipiga mikono mara chache nageuka, nawahesabu, naendelea. Naukumbuka ubaridi wa yale maji ya tope hadi leo, na nikiukumbuka roho inaniuma.

Sasa naishi Geita, na presha ndiyo iliyonirudisha majini. Daktari alinishauri mazoezi, nikajiandikisha kwenye bwawa la hoteli moja, maji ya buluu yanayonuka dawa. Presha ilishuka, ila shingo ikagoma kuzamisha uso. Kocha, binti wa rika la mwanangu, alihangaika nayo miezi. Aliwahi kuniuliza huwa natazama nini kule pembeni. Niliona aibu kumweleza.

Mwezi uliopita alituandalia mashindano, sisi wanafunzi wake wa makamo. Baba alikuwa amekuja kunitembelea, nikaenda naye. Niliutaka ushindi ule kuliko nilivyokiri mbele za watu. Baba hakuwahi kuniona nikishinda chochote, na kwake kuogelea kulikuwa uvivu wa mchungaji.

Niliongoza hadi katikati. Halafu shingo ikainuka yenyewe, nikatazama ukingoni. Nikatazama tena. Mara ya tatu, jirani yangu, mwalimu mstaafu mwenye kitambi chake cha heshima, akagusa ukuta kabla yangu.

Nilitoka majini nimenuna. Baba alinipa taulo huku akicheka chini chini.

"Ulikuwa unahesabu ng'ombe," alisema.

Nilikubali. Nikamwambia najua ni upuuzi, kwamba ng'ombe waliisha wote mwaka ule wa ukame, ila shingo yangu haijapata taarifa. Nilidhani atacheka tena. Badala yake alikaa kwenye kiti cha plastiki, akalaza fimbo yake magotini, akaniita mayu, mama, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo.

"Mayu, mimi kila asubuhi natoka kwanza kuangalia zizi," alisema. "Nikishafika pale ndipo nakumbuka."