Gunia la Nne

Nakumbuka asubuhi moja ya ule mwaka mvua ilipotukataa kabisa. Mama alifungua zizi, akamtoa ng'ombe wetu wa mwisho, akanitia kamba mkononi. Mwanangu, nimeona mengi tangu siku ile, lakini yaliyofuata bado hunifanya ninyamaze katikati ya mazungumzo, watu wakadhani nimesinzia.

Kwetu ni upande wa Bumula, kule Bungoma, kwa Wabukusu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na kwa hicho kisomo kidogo nilijiona mwerevu kuliko wote nyumbani. Baba alikuwa ameshafariki. Nyumba ilikuwa ya mama, tuliyemwita Mayi, pamoja na nyanya na wadogo zangu watano. Mahindi yalikauka shambani yakiwa yamefika magotini. Sokoni Myanga hata mwenye pesa alirudi na kikapu kitupu, kwa sababu mwenye chakula alikataa noti. Alitaka mbuzi, kuku, blanketi, kitu cha kumfaa. Tukasikia kwamba karibu na Kitale bado ziko nyumba zenye mahindi ya mwaka uliopita, ila hazina maziwa.

Basi nikatumwa. Ng'ombe yule alikuwa mpole, na mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Alikuwa na kasoro moja: chuchu ya nyuma, upande wa kushoto, ilikufa kwa ugonjwa wa kiwele. Kwa macho usingejua, ungejua siku ya kukamua. Mayi hakunipa maagizo mengi. Alinikumbusha tu kwamba kwetu mtu anayetoa ng'ombe hutaja kwanza kilema chake, ndipo yatajwe ya bei. Nikaitikia haraka, kama vijana wanavyoitikia jambo ambalo hawajalisikia.

Nilitembea naye siku tatu, polepole kwa ajili ya mimba yake. Nje ya mji wa Kitale nikampata mjane mmoja, Mama Njeri, ambaye wazazi wake walitoka Kenya ya kati wakaja kulima huko. Alikuwa na watoto wanne, na mdogo wao alikuwa bado wa kubebwa. Alimzunguka ng'ombe mara mbili, akainama, akashika kiwele.

“Kijana, chuchu zote ziko sawa?”

Mlango wa ghala lake ulikuwa wazi, nami niliona magunia. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Nilijifunika methali hiyo kama blanketi.

“Zote nne, mama.”

Akacheka. Alisema basi tupatane gunia moja kwa kila chuchu, asije mtu akasema amemwonea mtoto wa Mbukusu. Aliyashona magunia mwenyewe kwa uzi wa katani, akanitafutia lori la mbao lililokuwa likishuka Bungoma. Akanipa na uji wa njiani.

Nilipofika nyumbani nilipokewa kama bwana harusi. Nikasimulia safari yangu yote, hata ule mzaha wa gunia kwa kila chuchu. Ndugu walicheka. Mayi hakucheka. Alingoja watu watoke, akaniuliza kama nilimwambia yule mama kuhusu chuchu ya nyuma. Nikasema hakuuliza.

“Ati hakuuliza,” alisema. “Mtu achukue ng'ombe bila kuuliza kiwele? Huyo ni mtu ama ni jiwe?”

Nikainamisha kichwa. Mayi aliyatazama magunia, akatenga matatu upande wa jiko. La nne akalisukuma mwenyewe mpaka ukutani.

“Chuchu tatu, magunia matatu. Hili ni la wenyewe. Wewe ndiye ulilileta, wewe ndiye utalirudisha. Sitakukumbusha.”

Na kweli hakunikumbusha. Mwanangu, hapo ndipo kosa langu hasa lilipo. Uongo wa Kitale ulitoka mdomoni kwa nukta moja, na njaa ilikuwa imenishika. Lakini kuchelewa kurudi ni kosa nililolifanya upya kila asubuhi, nikiwa nimeshiba. Leo nilisema miguu inauma, kesho nikasema baiskeli ina pancha. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wa yule mama.

Njaa ikijua una chakula, jamaa huongezeka. Mayi hakumfukuza mtu, na magunia matatu yaliisha kabla ya miezi miwili. Tukaanza kula mrenda mtupu, ile mboga ya majani yenye utelezi, na mapapai mabichi ya kuchemsha. Gunia la nne lilikuwa palepale. Tulilipita tukienda kulala, tukalipita tukiamka. Nyanya, mwanamke mzee aliyekonda mpaka pete ikamtoka kidoleni, alikaa akiliegemea, na sikumwona hata siku moja akigusa ule uzi. Mimi nimeingia makanisa makubwa, mwanangu, na nimesimama mbele ya watu wenye vyeo. Sijapata kuona kitu cha kunitisha na kunistaajabisha kama nyumba ile yenye watu wanane wenye njaa na gunia zima la mahindi lisilofunguliwa.

Jioni moja mdogo wangu Nekesa, jina analopewa mtoto wa msimu wa mavuno, aliweka shavu lake kwenye gunia.

“Mayi, linanukia ugali. Kwani mwenyewe hajui tuko na njaa?”

“Mwenyewe pia ako na watoto,” Mayi akajibu, akaendelea kuchambua mrenda.

Hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Kesho yake nikalifunga lile gunia kwenye baiskeli, nikaanza kusukuma. Njiani watu walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nimepotea, kwa maana mahindi hushuka kutoka Kitale, hayapandi. Wengine walitaka kubadilishana nami, hata kondoo wawili nikaonyeshwa. Nilikuwa na njaa ya kuniyumbisha, lakini niliendelea kusukuma.

Nilimkuta Mama Njeri akichemsha majani ya maboga. Ghala lilikuwa wazi kama siku ile, ila ndani palikuwa na ufagio tu. Shamba lake nalo lilikauka. Alitoa magunia yale manne akitegemea maziwa, na ng'ombe alikuwa hajazaa bado. Watoto hawakukimbia kuja kunitazama. Walikaa walipokuwa.

“Mama, ile chuchu ya nyuma, ya kushoto, ilikufa. Nilikudanganya. Hili gunia ni lako.”

Alikuja akapitisha kidole juu ya mshono wake mwenyewe, toka mwanzo mpaka mwisho.

“Hamkulifungua.”

“Hatukulifungua, mama.”

“Na huko nyumbani mnakula nini?”

“Mrenda.”

Akaketi chini, palepale kwenye vumbi, mkono ungali juu ya gunia. Aliniuliza mama yangu ni mtu wa namna gani. Hadi leo sijapata jibu la kumtosha. Kisha akaukata uzi, akasaga, akapika, akanipakulia pamoja na watoto wake. Tulipomaliza ndipo aliposema neno nililostahili.

“Kijana, umefanya vizuri kuja. Lakini watoto wangu wamelala njaa wiki mbili na hili gunia liko kwenu. Hiyo sijakusamehe leo. Nitajaribu kesho.”

Akajaza debe moja la mahindi, akalifunga kwenye baiskeli yangu. Akaniambia hilo si langu, nimpelekee mama yangu.

Nililipeleka. Mayi alilipokea kwa mikono miwili, akapika usiku uleule. Lakini mimi sikurudi Kitale kuuliza kama ile kesho ilifika. Nilipata kazi, nikaoa, nikajiambia iko siku. Nilipokwenda hatimaye, mvi zikiwa zimeniota, nilionyeshwa kaburi.

Siku hizi nawaona mkibadilishana mifugo kwa picha za simu, upande mzuri ndio unaopigwa picha. Mwanangu, taja kilema kwanza. Kitaje hasa siku ya njaa, kwa kuwa mwenye kununua naye ana njaa yake ambayo huioni. Na ukishakosea, rudi upesi. Sisi hudhani aibu ni mzigo wa mwenye nayo peke yake. Sivyo. Aibu yangu ilikaa ukutani, nyumba mbili zikalala njaa kwa ajili yake.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na zizi lisilokauka. Na ukiwa na mlango wa kubisha kuomba radhi, akupe miguu ya kwenda leo, mwenye nyumba akiwa angali hai wa kukufungulia.